Michi ya Theluji Buchani

Shemeji yangu analinda theluji. Ndiyo kazi yake, msicheke. Ni mjane wa kaka yangu, mfupi wa kimo, mrefu wa maneno. Kwenye chumba cha baridi cha maabara yao ana vipande vya barafu, kila kimoja kama mchi wa kinu. Walivichimba pamoja kwenye ncha ya dunia, yeye na marehemu, enzi hizo magoti yakiwa mazima. Kule theluji ya mwaka huu hulalia ya mwaka jana, inashindiliwa mpaka inakuwa barafu. Ukikata mchi, unaisoma miaka.

Mmoja tu hajaukata: ule wa mwisho aliouchimba kaka. “Mwakani,” husema kila mwaka.

Basi asubuhi moja mtambo wa baridi wa maabara ukafa. Shemeji akanijia buchani mbio, koti zito mwilini, jasho linamtiririka.

“Shem, toa nyama frijini!”

“Niitoe nikauze upepo?”

“Michi yangu inayeyuka. Na wa kaka yako umo.”

Lo! Nikatoa nyama yote, nikasugua friji mpaka ikanukia hospitali, tukaipanga michi humo. Mke wangu akawasha jiko la mkaa mlangoni, akaita mtaa mzima waje kula kabla haijaharibika. Mwalimu mstaafu, mteja wangu mkorofi, akataka maini mabichi. Nikamwambia leo nauza baridi.

Watu wakitafuna, nikauliza kinachoninyima usingizi: “Bahari hii inayopanda itanifikia hapa dukani?”

“Theluji ni maji yaliyotoka baharini,” shemeji akasema. “Ikianguka nyingi ikabaki kule, bahari inapunguziwa kidogo. Ila kingo za barafu zinamwaga baharini maji mengi kuliko theluji inavyorudisha barafuni. Kaka yako alisema upande ule tuliochimba theluji inaongezeka. Mimi nikambishia, mpaka siku anafariki tulikuwa hatujaelewana.”

“Si ungeukata mchi ujue?”

“Nikiujua, ubishi wetu umekwisha. Nitabaki na nini?”

Jioni fundi akapiga simu kwamba mtambo umepona, lakini shemeji hakuinuka. Alikuwa anautazama ule mchi, maana ulikuwa umeanza kulowa njiani.

“Ningeupoteza leo bila kuusoma,” akasema. Akatoa msumeno safi wa maabara. “Kata wewe. Mkono wangu unakataa.”

Nimepasua ng’ombe tangu ujana, lakini siku ile nilipima mara tatu kwanza. Nikakata. Akavifunga vipande kama mtoto mchanga, akaenda navyo kupima.

Majuma yakapita. Siku moja foleni ikiwa mpaka barabarani, nikasikia kelele. Shemeji alikuwa anasukuma wateja, macho yamejaa machozi, meno yote nje.

“Shem! Kashinda! Yule mbishi alikuwa sahihi!”

“Pole,” nikasema.

“Pole ya nini? Hebu nipimie kilo mbili, leo nampikia alichokipenda. Na bahari bado inapanda, kwa hiyo wewe inua sakafu!”