Gari la spoti la mjomba lilivyoshuka bei likiwa limeegeshwa (Mwanza, miaka ya tisini)

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma ule ubishi wa vijana kuhusu magari ya spoti yaliyotumika miezi michache tu, kwamba ukilirudisha yadi ili ubadilishane unapigwa bei ya kukuliza. Kila mtu anataja mileage, rangi na mwaka. Nimeshindwa kunyamaza.

Nawaletea niliyoyashuhudia mwenyewe. Si chai. Ambacho sikukiona nitasema sikukiona, na ninachokishuku nitasema nakishuku. Nawaonya mapema, ninashuku mengi.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Mambo ya kungojea kibali ili ununue gari yalikuwa yameanza kusahaulika. Ukiwa na hela, gari linatoka Dubai, linashuka Dar, linaletwa Mwanza na dereva wa kukodi likiwa limejaa vumbi mpaka ndani ya redio.

Na hela Mwanza ilikuwepo. Sangara alikuwa anatoka ziwani, anachunwa minofu viwandani, minofu inapanda ndege.

Mjomba wangu Luhende, mdogo wake mama, alikuwa wakala wa samaki. Kazi yake kununua sangara mialoni, wavuvi wanaposhushia samaki, na kuwafikisha kiwandani. Hakuwa na lori. Alikuwa anakodi pikapu za watu na kufunika samaki kwa turubai.

Msimu mmoja samaki wakakubali. Mtu mwingine angenunua lori. Mjomba akanunua gari la spoti.

Wakuu, gari lilikuwa zuri, tusidanganyane. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi juu ya jiwe. Taa za mbele zilikuwa zimejificha ndani ya boneti, ukiziwasha zinanyanyuka. Mtaani Mkolani wakalipa jina, Macho.

Shida ni kwamba Macho lilitengenezwa kwa ajili ya lami, na Mkolani ya wakati ule mnaoijua mnaijua. Mawe na makorongo. Mjomba alikuwa analiacha kwa jamaa yake barabara kubwa, anamalizia kwa miguu akiwa amevaa viatu vya ngozi. Mkewe, mama Kabula, alikuwa akimwona anapanda kilima anauliza kwa sauti majirani wasikie, "Baba Kabula, gari limekushusha wapi leo?"

Basi, miezi michache tangu alinunue, kiwanda kikatoa tamko. Mawakala wote wawe na lori lenye bodi iliyofungwa, la kubebea samaki kwenye barafu. Turubai basi. Watafanya ukaguzi wa magari mwisho wa mwezi, na wakala ambaye hana lori nafasi yake anapewa mwingine. Waliokuwa wanaingoja nafasi hiyo walikuwa wengi, na mjomba aliwajua kwa majina.

Hela taslimu hakuwa nayo, ilikuwa imelala ndani ya Macho. Njia ikawa moja, gari kwa gari.

Mwenye lori la namna hiyo wakati ule, lililokuwa tayari kuuzwa, alikuwa mmoja tu. Mzee Sudi. Alikuwa na yadi ya magari karibu na Mabatini, mzee wa mjini, kanzu safi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, maneno matamu. Mimi nilikuwa nauza spea duka la jirani, kwa hiyo mjomba akaniambia niwe naye. "Wewe una macho, mjomba. Mimi nikiona kitu kizuri nakuwa kipofu."

Siku ya kwanza Mzee Sudi alilizunguka Macho taratibu. Akafungua mlango, akanusa viti. Akasema, "Hili bado lina harufu ya duka."

Akapendekeza hivi: mjomba atoe Macho, achukue lori, na Sudi aongeze kiasi juu. Mmesikia? Sudi ndiye aongeze. Ila akaomba siku chache, kwamba kuna wateja wa gari la spoti anataka kuwapima kwanza, asije akabaki nalo. Akasema wateja wenyewe atawatuma walione linapoegeshwa, na akipatikana wa kulipa taslimu, mjomba amletee hela hiyo ya lori.

Hapo mimi nikaanza kuwasha taa zangu.

Mteja wa kwanza akaja, mfanyabiashara kutoka Bukoba. Akaliendesha, akarudi anacheka peke yake. Akasema kesho asubuhi yupo. Kesho hakuja.

Akaja daktari mmoja. Naye hivyo hivyo, akalisifu, wakafikia bei na mjomba, akaenda kuchukua hela. Akapotea.

Akaja mhasibu mmoja mkazi wa Nyegezi. Huyu alikuja na mkewe, mke akakaa kiti cha mbele akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Nikasema huyu keshanunua. Wapi.

Tukirudi yadi, Mzee Sudi anasikitika. "Luhende, mjini wananong'ona juu ya gari lako." Mjomba anauliza, wananong'ona nini? "Wanajua wao." Kwa hiyo sasa haongezi kitu, tubadilishane tu. Siku mbili tatu zikapita, akasema sasa mjomba ndiye aongeze.

Wakuu, gari halikuwa limetembea. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mti kwa yule jamaa wa barabara kubwa, limefunikwa shuka la mama Kabula. Na lilikuwa linashuka bei kila kukicha.

Nikaamua kuchunguza. Akili yangu ilikuwa moja tu, kwamba wale wateja ni watu wa Sudi, anawatuma walisifu halafu wapotee, mjomba achanganyikiwe. Siku moja nikamwona yule wa Bukoba amekaa kwenye benchi la yadi anakunywa soda na Sudi. Nikajisemea, nimewakamata.

Ila kuwaona watu wanakunywa soda si ushahidi. Nikapanda kwenda Nyegezi kumtafuta mhasibu. Nilimkuta anamwagilia bustani kwa ndoo. Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini hakurudi.

Akaweka ndoo chini. "Kijana, gari sina neno nalo. Mke wangu mpaka leo hajanisamehe. Mjomba wako ndiye sijamwelewa."

"Amekukosea nini?"

"Tulipobaki wawili nilimwomba funguo zote mbili. Akanipa mmoja. Wa pili akasema hauuzwi."

Nikadhani anatania.

"Hauuzwi?"

"Ndivyo alivyosema. Nikamuuliza umepotea? Akasema upo ndani. Nikamwambia basi nipe. Akasema huo ni wangu, kaka, wewe chukua gari uende salama. Sasa wewe fikiria. Mtu anauza gari jipya, hasemi vizuri kwa nini anauza, halafu anataka kubaki na ufunguo. Nitalala mimi? Si ataniachia wiki moja, halafu usiku aje achukue?"

Mtakumbuka magari yalikuwa yanaibiwa, yanavushwa mpaka, hayaonekani tena. Mhasibu hakuwa mjinga.

Nikamuuliza kama na wenzake waliambiwa hivyo. Akasema daktari ni rafiki yake, aliambiwa vilevile. Halafu akaongeza, "Bahati nzuri Mzee Sudi alinishauri kabla, kwamba nisitoe hela mpaka niwe na funguo zote mbili mkononi."

Nikaliona hilo ni neno la kawaida. Hata mimi ningemshauri mtu hivyo.

Nilirudi Mkolani nimekasirika. Nikamkuta mjomba na mkewe wanakula. Nikanawa, nikakaa, nikamuuliza, mjomba, ufunguo wa pili uko wapi?

Akaacha kutafuna.

"Upo."

"Kwa nini huwapi watu?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Mjomba, wewe umekulia mjini. Ng'ombe akiuzwa, kamba inakwenda na nani?"

Kwa ambao hamjakaa na wafugaji, niwaeleze. Kwetu mtu akiuza ng'ombe, anamfungua kamba yake na kurudi nayo nyumbani. Mnunuzi aje na ya kwake. Ukitoa ng'ombe na kamba yako umetoa na bahati ya zizi, hutapata ng'ombe mwingine. Babu alikuwa anatundika hizo kamba ukutani, na kila moja alijua ilikuwa ya nani.

Mjomba alikuwa ameufanya ufunguo wa pili kuwa kamba ya Macho. Na hakuona sababu ya kumweleza mnunuzi, kwa sababu kwao jambo hilo halielezwi. Nani anaeleza kamba?

Mama Kabula alicheka mpaka akashika kifua. "Kumbe! Baba Kabula, hilo gari linakula majani?"

"Mali ni mali."

"Haya. Mwisho wa mwezi kiwanda kikikagua, utawaonyesha kamba wapakie samaki humo."

Mjomba akanuna. "Mimi sijawahi kumwibia mtu hata kuku. Mji mzima huu ndio wanidhanie mwizi kwa ajili ya kifunguo?"

"Nani anakujua wewe?" mkewe akamjibu, sasa bila kucheka. "Wanajua gari. Na mimi najua kwamba tusipopata lori, watoto hawa watakula hiyo bahati ya zizi."

Mjomba akaingia chumbani, akatoka na ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha ngozi. Akaufungua, ngozi akaitia mfukoni, ufunguo akauweka mezani karibu na bakuli la mchuzi. Hakumaliza chakula.

Tukadhani mambo yameisha, wakuu. Kumbe tulichelewa.

Nilimfuata daktari, nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza kwa heshima halafu akasema, "Nimekuelewa kijana, lakini ukilinunua gari linalosemwa, na wewe unaanza kusemwa." Wa Bukoba alishaondoka. Mhasibu alishapata gari lingine, la milango minne, mke amenuna.

Ukaguzi ulikuwa unakaribia. Mjomba akakubali masharti ya Sudi ya mwisho: atoe Macho, na aongeze juu. Kuongeza kwenyewe ilibidi auze kiwanja. Gari la miezi michache likabadilishwa na lori lililokuwa limechoka kuliko mimi, na kiwanja kikasindikiza.

Siku ya makabidhiano tulikuwa yadi mchana, mafundi na madalali wamejaa wanatazama. Mjomba akamkabidhi Sudi funguo zote mbili za Macho mbele ya watu, kwa sauti, "Hizo hapo. Zote. Hesabu." Ilimuuma, nilimwona.

Sudi akazipokea, akampa ufunguo wa lori. Mmoja.

Mjomba akabaki amenyoosha mkono. "Na wa pili, mzee?"

Mzee Sudi akavaa miwani yake, akamtazama mjomba vizuri. Halafu akatabasamu.

"Wa pili ni kamba, Luhende."

Yadi nzima ikaangua kicheko.

Mjomba akasema, "Mzee, wewe mtu wa mjini, kamba umeijulia wapi?"

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe Misungwi. Wewe ulidhani mimi nimezaliwa juu ya boneti?"

Wakuu, nikaanza kupiga hesabu. Kama aliijua kamba, basi mteja wa kwanza aliporudi kumwambia habari za ufunguo, alijua papo hapo sababu yake. Neno moja tu la kwake, "Mwacheni, ni desturi za wafugaji, nitawachukulia huo ufunguo," lingetosha. Badala yake akawa anawashauri wateja waulizie funguo zote mbili.

Na ushauri ule ulikuwa mzuri! Humkamati mtu kwa ushauri mzuri.

Inawezekana alikuwa anatania tu, desturi ya kamba ameikumbuka pale pale. Inawezekana ufunguo wa lori ulikuwa mmoja kweli. Mimi sikuona ndani ya kichwa chake, kwa hiyo naandika nashuku.

Mjomba hakugombana. Angegombana vipi na desturi yake mwenyewe? Alicheka pamoja na watu, akapanda lori, nikapanda naye, akawasha, akatoka getini anapunga mkono.

Tulipopinda kona nikaona haelekei Mkolani. Anakwenda Mabatini ndani kwa mafundi.

"Mjomba, tunakwenda wapi?"

"Kubadilisha kitasa."

"Si umesema ni desturi?"

Hakunigeukia. "Mjomba, mimi usiku huu nitalala?"

Lori likapita ukaguzi, nafasi yake ikabaki, watoto wakasoma. Macho nilisikia limenunuliwa na mtu wa dhahabu, na aliyenihadithia alinitajia bei inayokaribia ya duka. Hiyo bei sikuiona ikilipwa.

Nilichojifunza ni hiki. Gari lililotumika miaka kumi likiuzwa hakuna anayeuliza. Likiuzwa jipya, kila mtu anatafuta sababu, na usipoitoa wewe atakutengenezea mwenzako mwenye lori la kuuza. Kabla hujapeleka gari yadi, lieleze: kwa nini unauza, funguo ziko wapi, kadi ya gari iko wapi. Eleza hata yale ambayo kwenu hayaelezwi.

Lori la pili mjomba alilinunua kwa Sudi huyo huyo, na kwa bei ambayo hata mimi sikupata pa kuitilia shaka. Ila alikwenda yadi na fundi wa vitasa kwenye kiti cha abiria.

Wakuu, hukumu nawaachia. Mzee Sudi alimla mjomba, au mjomba alijila mwenyewe? Na nyie wa makabila mengine, mkiuza mali mnabaki na nini? Karibuni, ila wa yadi mjitambulishe kwanza.