Bi Nereida na Fataki za Saa Tatu

Sisi tuliokaa nyuma ya uzio wa bustani ile ya michezo hatukuwa na haja ya saa ukutani. Fataki zikilia, ni saa tatu usiku, na mwenye mtoto mdogo anajua la kufanya. Lakini hakuna aliyejua kuzitumia kama Bi Nereida Colón, mfua mashuka wa hoteli moja hapa mjini kwetu Kissimmee. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, na hata mbwa wa jirani walikuwa wakimpisha njia.

Alipohamia kwetu kutoka milima ya Utuado, kule Puerto Rico, alikuwa na binti yake Glorimar, wa miaka saba, na masanduku mawili. Hakuna aliyemwonya. Usiku wa kwanza, fataki ya kwanza ilipopasuka, alimvuta mtoto uvunguni mwa kitanda akaanza kuwaita watakatifu mmoja mmoja kwa majina yao. Watakatifu wakamwishia na milio bado inaendelea. Akatoka nje na sufuria mkononi, sijui alitaka kumpiga nani, akatukuta tumejikalia vibarazani tunakunywa kahawa. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Yeye hakucheka. Alisimama na sufuria yake akatazama juu.

"Kwa hiyo kila siku ni hivi?"

"Kila siku, jirani."

"Saa hii hii?"

"Saa hii hii."

"Basi nimepata yaya wa bure," akasema, akarudi ndani.

Na kweli alimpata. Maana Bi Nereida, Mungu anisamehe, sauti yake ya kuimba ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta, na mtoto wa kulazwa kwa wimbo wake angekesha mpaka kesho. Kwa hiyo fataki ya kwanza ikilia, kichwa cha Glorimar kiko kwenye mto. Mtoto anaomba baraka, kama wanavyoomba watoto wetu wote kwa wakubwa wao, na mama anamjibu, "Mungu akubariki." Kisha anakaa ukingoni mwa kitanda, dirisha likiwa nyuma yake, anampigapiga mgongoni taratibu. "Mbingu zinafunga duka," anamwambia. "Na wewe funga macho." Kabla ya mlio wa mwisho, mtoto keshazama usingizini.

Glorimar akakua, akapata watoto wake wawili, Jandel na Amaris. Baba yao alishika njia yake na mimi simtaji, hastahili wino wangu. Watoto nao wakalazwa vilevile, kitanda kile kile, mkono ule ule. Halafu Glorimar akapata kazi ya kutunza wazee huko Springfield, kaskazini kwenye baridi, akamwachia mama yake watoto kwa muda tu, mpaka ajipange. Muda huo ukawa miaka miwili. Mwezi wa Agosti, shule zikikaribia kufunguliwa, akarudi kuwachukua. Amepata nyumba ya vyumba viwili, na anaijua shule, basi la shule, na jina la mwalimu.

Bi Nereida alifurahi, na hakuwa akijifanya. Mahali pa mtoto ni kwa mama yake, hilo alilisema mwenyewe mbele ya kanisa zima. Lakini palikuwa na jambo likimla moyoni, na aliniambia siku moja tukikunja nguo. Yeye mwenyewe alilelewa na bibi yake kule Utuado mpaka alipofika miaka mitano, ndipo mama yake akamchukua. Watu wazima walimsimulia kwamba bibi yule alimbeba mgongoni kila siku kwenda kuchuma kahawa. Yeye hakumbuki kitu. Ana picha moja tu ya mwanamke aliyekunja uso kwa sababu ya jua. "Sauti yake siijui," aliniambia. "Mtu kanibeba miaka mitano, na sijui hata sauti yake. Amaris ana minne, jirani. Minne!"

Ndipo akakumbuka tiketi. Hotelini walikuwa wakiwapa wafanyakazi wa siku nyingi tiketi za bustani, na za kwake alikuwa ameziweka kabatini, maana kiuno kilikuwa kikimsumbua na makundi ya watu hayapendi. Miaka yote ile ya kukaa nyuma ya uzio, watoto wale hawakuwahi kuziona fataki. Walizisikia tu, macho yamefumba. Akaamua kwamba jioni ya mwisho kabla ya safari atawapeleka ndani, mstari wa mbele, wazione kwa macho yao. Kitu kikubwa namna ile mtoto hawezi kukisahau, na akikikumbuka, atamkumbuka na aliyempeleka. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Basi siku ikafika. Mchana walipanda farasi wa mbao wa kuzunguka, wakapanda vikombe vikubwa vya kukalia vinavyozunguka, mvua ya alasiri ikawanyeshea kama kawaida yake, wakakauka. Jua likiwa bado kali, Bi Nereida akachagua mahali ukingoni mwa barabara linapopita gwaride la jioni, mbele kabisa ya mnara mkubwa, akatandika shuka, akawaketisha watoto, akaketi.

"Mama," Glorimar akasema, kikombe kikubwa cha kahawa mkononi, "gwaride lenyewe bado sana. Twende tukakae kivulini."

"Nenda wewe. Mimi hapa sibanduki."

"Watoto watachoka."

"Wachoke wakiwa mbele."

"Leo una nini? Umekuwa kama askari wa mpakani!"

Na askari alikuwa kweli. Baba mmoja mwenye kofia pana alikuja kujipenyeza mbele yao, mtoto begani, akasema ni kwa dakika moja tu. "Dakika moja ya kwako au ya Mungu?" Bi Nereida akamuuliza. "Maana ya Mungu ni ndefu." Baba wa watu akaondoka na kofia yake. Mama mmoja mgeni kutoka Ohio aliyekaa pembeni, pua imebambuka kwa jua, akacheka akasogeza shuka lake karibu ili na yeye apate ulinzi.

Baadaye kidogo, Bi Nereida akasema bila kumtazama binti yake, "Nataka wakumbuke."

"Wakumbuke nini?"

"Kwamba walikuwa na bibi."

Glorimar akashusha pumzi, akamgusa mkono. "Mama, mtoto wa miaka minne? Mimi nilikuwa na saba tulipohamia, na ukiniuliza leo nyumba yetu ya kwanza ilikuwa rangi gani, sijui. Sikumbuki chochote cha siku zile. Watoto ndivyo walivyo, si kosa la mtu. Tutakupigia simu kila Jumapili, utatuchoka."

Alisema kwa upole, wala hakukusudia kuumiza. Lakini neno hilo lilimchoma Bi Nereida. Akajifanya anatafuta maandazi ya nyama kwenye kikapu, akawagawia watoto, akasema gwaride linakuja, kaeni vizuri.

Na likaja. Ngoma kwanza, halafu magari yaliyopambwa taa na maua ya karatasi, halafu wachezaji, na mwishoni Dubu Mkuu wa bustani, mrefu kama mlango, anayumba kushoto na kulia.

"Bibi, yule dubu ana zipu mgongoni," Jandel akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

"Hata mimi ninayo. Nyamaza utazame."

"Wewe huna!"

"Umewahi kuangalia?"

Jandel akamchungulia mgongoni, na hakuonekana kuwa na uhakika tena. Amaris yeye alikuwa amejificha kwapani kwa mama yake, jicho moja nje. Dubu akasimama mbele yao, akainama, akanyoosha mkono wake mkubwa wa manyoya. Watoto wote wa mstari ule wakapiga kelele wakitaka kuushika. Amaris akautazama mkono, akalitazama andazi lake aliloling'ata nusu, akamwekea dubu kiganjani. Dubu wa watu angefanyaje? Mfuko hana, mdomo wake hafungui. Akaliinua juu, akaliweka kifuani kama medali, akaendelea kucheza nalo mpaka akapotea kwenye kona. Barabara nzima ilicheka. Glorimar alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Hilo mtalikumbuka, eh?" Bi Nereida akawauliza haraka. "Amaris, mama, utakumbuka ulimpa dubu andazi? Na alikuwepo nani?"

"Dubu," akajibu Amaris.

"Na nani mwingine?"

"Andazi."

Hata hivyo fataki zilikuwa bado, na fataki ndizo zilikuwa tegemeo lake. Giza likaingia. Taa za bustani zikazimwa, watu maelfu wakanyamaza kwa pamoja. Akamketisha Jandel kulia na Amaris pajani, akawainua videvu kwa vidole vyake. Glorimar alikaa kushoto kwake, bega kwa bega. "Sasa," akawanong'oneza. "Tazameni pale juu ya mnara. Msipepese hata jicho."

Fataki ya kwanza ikapanda ikapasuka, nyekundu, mbingu nzima. Mlio ukawaingia vifuani.

Amaris akapiga mwayo.

"Tazama, mama! Ona!"

Ya pili ikawa ya kijani. Amaris akatia kidole gumba mdomoni, akageuza uso kwenye tumbo la bibi yake. Ya tatu ilipolia, kichwa cha Jandel kikaanguka kwenye mkono wa bibi yake kama nazi iliyokatwa kikonyo.

"Jandel! Baba! Amka, ndizo hizi! Ndizo zile za kila siku, hizi hapa!"

Mtoto hakufumbua macho. "Baraka, Bibi," akasema, akajikunja vizuri.

"Mungu akubariki," ulimi ukamponyoka Bi Nereida kabla hajaufunga. Na Jandel akawa amekwenda.

Watu walikuwa wanapiga makofi. Watoto wa mama wa Ohio walikuwa wanaruka juu kama samaki kwenye ndoo. Katika bustani nzima, watoto waliolala walikuwa wawili tu, na wote walikuwa wa kwake.

"Pole," mama wa Ohio akamwambia. "Maskini, wamechoka."

"Hawajachoka," Bi Nereida akajibu, na machozi yakaanza kumtoka hadharani, hakujali. "Nimewafundisha mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nimewalea wasione."

Uchungu ulimjia kweli. Hesabu yake yote ilikuwa imelala pajani pake inanyonya kidole. Kesho jioni watakuwa mbali, na kumbukumbu hii waliyoijia hawatakuwa nayo. Watakuwa na dubu na andazi. Akataka mtu wa kumlalamikia, hata kama atamwambia, "Si nilikwambia?". Akageuka kushoto.

"Ona, Glorimar. Ona nilivyojiharibia mwenyewe."

Kichwa cha Glorimar kilikuwa kimemlalia mama yake begani, kizito, mdomo wazi kidogo. Kikombe cha kahawa kilikuwa kimeanguka miguuni. Fataki tano kwa mpigo zikapasuka juu yao, watu wakapiga ukelele, na mwanamke mzima wa miaka ishirini na nane, mlipa kodi ya nyumba, aliyesema hakumbuki chochote cha siku zile, hakutikisika hata ukope.

Bi Nereida akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaupenyeza mkono wake nyuma taratibu, akaanza kumpigapiga binti yake mgongoni. Alilia bado, ila hakuwa tena na uchungu. Alikuwa na furaha, na aliniambia hivyo hivyo bila kuizungusha: alikuwa na furaha kiasi kwamba aliogopa kupumua asije akawaamsha.

Halafu akainua macho, maana mtu mwingine wa kutazama hakuwepo, akaziangalia fataki zote mpaka ya mwisho. Zilikuwa nzuri, anasema, ila ndefu mno.

Watu wakasimama, wakakunja mashuka, wakaondoka kama maji ya bafu lililozibuliwa. Mama wa Ohio akampungia mkono. Kiuno kilikuwa kinamwaka moto na mguu mmoja umekufa ganzi, na Bi Nereida hakusogea. Mwisho akaja mfagiaji, mzee mwenye tochi na ufagio mrefu, akammulika.

"Bibi, tunafunga sasa. Ngoja nikuletee kigari cha kuwabebea hao watoto wawili."

"Watatu," akasema Bi Nereida. "Na punguza hiyo taa, utaniamshia."