Faili Ilisema Mama ni Mkali

Nilimkuta mama amefungwa. Mikono yote miwili, kwa bandeji, kwenye vyuma vya kitanda. Mama yangu, mjane wa mtu wa reli, aliyetulea watoto sita katika chumba kimoja bila kugombana na jirani hata mmoja! Nilichemka.

"Nani amefanya hivi?"

Nesi wa zamu akaja polepole, mwanamume wa makamo. "Madam, tulia. Huyu bibi, huyu shosho, ni mkali. Nikimletea chakula anapiga kelele. Nikitaka kumwosha ananikwaruza, ona." Akaninyooshea mkono. "Daktari amesema akikataa kula leo tena, tunamtia mpira wa kulishia puani."

Ati mkali! Hata kwenye faili walikuwa wameandika hivyo: mkali, hakubali kusaidiwa. Siku tatu tangu alazwe kwa homa ya mapafu, na walichoona ni ukali tu. Wanasema hasira ni hasara. Siku hiyo nilikuwa tayari kwa hasara yoyote. Nilimfokea mpaka wodi nzima ikageuka: mama yako mzazi ungemfunga hivi? Yeye alichukua sahani ya ugali na sukuma wiki akamsogezea mama, nione mwenyewe kwamba hasemi uongo.

Mama akageukia ukutani. Akahangaika na zile bandeji akitaka kuvuta shuka ajifunike kichwa. Aliposhindwa, akalia, akasema kwa lugha ya kwetu, "Mtoeni huyu. Mnaniaibisha."

Ndipo nikamtazama nesi vizuri. Kipara. Miwani. Tumbo lililotangulia. Haki ya Mungu, mama alikuwa anamwona mume wangu.

Kwetu Magharibi, mama mkwe na mkwe wake hawashikani hata mkono. Hawali pamoja. Miaka yote tuliyoishi na mama mtaani Huruma, mume wangu akiingia tu, mama anabeba sahani yake kwenda chumba cha ndani. Ugonjwa huu wa kusahau umemchukulia mengi: jina langu, mwaka, choo kiko wapi. Heshima ya mkwe haujamchukulia. Na hapa mkwe anakuja kumvua nguo amsugue mgongo! Mwanamke gani angekosa kukwaruza?

Nilimweleza nesi, na sikumweleza kwa upole. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyejaribu kujua mama anasema nini.

"Alikuwa anaongea kilugha," akasema.

"Na namba yangu iko kwenye faili! Si mngepiga?"

Nilijikasirikia pia. Jana yake niliambiwa hali chakula, nikasema ni ugonjwa tu, nikaenda zangu.

Nesi alimfungua, akavuta pazia, akabaki upande wa pili. Mama akasikiliza kidogo, kisha akaanza kumega ugali. Alikula haraka, kwa njaa ya siku tatu, na mimi nikimtazama kwa uchungu nisio na pa kuuweka. Alipomaliza alivuta mikono ya sweta ikafunika alama nyekundu za bandeji.

"Mkwe asione," akaninong'oneza. "Atafikiri nimefungwa kwa wizi."

Nyuma ya pazia nesi akauliza, "Shosho amesema nini?"

Nikamtafsiria, neno kwa neno.