Haya Iliyohamishwa

Kuna watu wakiambiwa keti, huketi. Fundi makochi wetu hakuwa katika kundi hilo. Alishinda akitengeneza viti ili wenzake wajinyooshe, lakini yeye chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja na mkono wa pili ukipapasa nyundo. Akialikwa mahali, alifika wenyeji wakiwa bado wanafagia. Methali ya mvumilivu kula mbivu hakuwa na imani nayo. Alisema katika umri wake ameziona mbivu nyingi, na karibu zote zililiwa na popo.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, likipumzika. Watu walimwita Haya. Wateja walimwita Haya, watoto wake walitaniwa shuleni kuwa ni wana wa Haya, na baba mkwe wake, mtu wa heshima zake, alipata tabu miaka mingi kueleza kwamba binti yake ameolewa na Haya bila wasikilizaji kudhani kwamba anamsifia binti tabia.

Jina lilitoka kwenye wimbo. Ujanani fundi alipiga gitaa na kuitikia katika Vimulimuli, bendi ya roki ya vijana waliopanda jukwaani kwa viatu vya soli nene kama matofali, nyuso zimepakwa rangi na unga wa kumetameta, kope za bandia juu, suruali za kubana chini, na katikati njaa. Wazazi wao waliwaambia majirani kwamba vijana wamepata kazi ofisini. Bendi iliishi muda wa kutosha kupata wimbo mmoja usiokufa, "Kama Nilikuudhi", na ndani yake mstari mmoja ambao mpaka leo kila mtu anaujua:

Kama nilikuudhi — HAYA! — tuonane kesho.

Waliogombana na wapenzi wao waliuimba kifua mbele: nimekuudhi, haya, utanifanya nini? Wachambuzi magazetini waliandika kwamba ile haya iliyoingia kabla ya zamu yake ilikuwa uasi wa kizazi kizima. Ukweli ni kwamba ilikuwa gundi. Siku ya kurekodi, gundi ya kope ililifunga jicho moja la fundi, na kwa lile lililobaki akamwona mpiga ngoma, Mungu amrehemu, anainua kijiti. Akadhani ni ishara. Mwenzake alikuwa anajikuna mgongo. Haya ikatoka mapema, ikalilalia neno la mwimbaji likazimika, na kwa kuwa utepe wa kurekodia uliobaki ulikuwa huo huo, uasi ukabaki hivyo hivyo.

Sasa kampuni ya muziki iliamua kuzitoa upya nyimbo za Vimulimuli zilizovuma zaidi, kwa santuri, kwa sababu vijana ambao hawajawahi kushika sindano hata ya kushonea kifungo walikuwa wameanza kuzipenda santuri. Waliokuwa hai katika bendi walipelekewa nakala ya majaribio. Mwenye neno alitakiwa apige simu kabla ya Ijumaa mchana, ndipo kiwanda kianze kugandamiza santuri zenyewe.

Fundi aliiweka nakala yake kwenye pleya aliyoiazima, juu ya kochi la mteja ambalo halikuwa na sponji. Mkewe alikuja na kitambaa cha kufutia mikono, kuona kama mumewe bado ni maarufu. Wimbo ukaanza. Fundi alizunguka meza, akarudi, akaunyanyua mkono, na mahali palipofika akatoa sauti pamoja na ujana wake: "Haya!"

Akabaki peke yake. Santuri haikusema haya. Ilisema, kwa sauti nyororo ya mwimbaji, samahani. Kisha, baada ya kituo kidogo cha adabu, ndipo ikaja haya, imetulia, mahali pake, kama mtoto aliyevalishwa soksi.

"Wamenihamisha," fundi alisema.

"Kwani wewe ni kibanda?" mkewe aliuliza.

"Mama nanihii, hukusikia? Haya yangu wameisogeza!"

"Nimesikia. Sasa imefika kwa wakati. Baada ya miaka yote hii, jambo moja lako limefika kwa wakati, na wewe unanuna."

Fundi alikuwa amekwisha toka nje kupiga simu. Lakini sikilizeni, hakuwa na hasira ya mtu aliyeguswa utukufu. Ilikuwa hofu. Mtu akishajulikana kwa neno moja tu, neno hilo likihamishwa, yeye anabaki akikaa wapi?

Fundi wa sauti wa kampuni alikuwa binti mpole aliyezoea wazee wanaopiga simu. "Mzee wangu, kuirudisha ni kazi ya dakika. Lakini aliyeomba isogezwe ni Bwana Nyota mwenyewe, na wimbo ni wake. Mkubaliane kwanza, halafu mnipigie."

Nyota ndiye aliyekuwa mwimbaji. Siku hizi alikuwa na duka la miwani, kazi aliyoichagua, kwa maoni ya mahasidi, kwa sababu ya vioo. Fundi alimkuta anamvalisha bibi mmoja fremu na kumhakikishia kwamba amerudi miaka kumi nyuma. Fundi alisubiri kwa kuvaa na kuvua miwani ya duka zima. Bibi alipotoka tu, akaanza.

"Wewe Nyota, huna haya."

"Ninayo. Nimeiweka mahali pake."

"Ni yangu!"

"Ilikuwa yako. Ilikaa juu ya neno langu kama mpangaji asiyetaka kuhama. Umewahi kujiuliza chini yake kulikuwa na nini?"

Fundi alitaka kusema ndiyo, lakini hakuwahi. "Samahani," alisema hatimaye. "Nimesikia jana."

"Basi. Nilitunga wimbo wa kuomba radhi, ukatoka wimbo wa kutukana. Watu wamekuja hapa dukani kunishukuru, eti wimbo wangu uliwapa nguvu ya kuwaacha wake zao."

"Si walifurahi?"

"Wao. Mimi nilikuwa namwomba radhi mama yangu."

Fundi akaiweka miwani chini. Wimbo ule alidhani ni wa mapenzi, kama nchi nzima ilivyodhani. Nyota akamweleza, akijitazama kwenye kioo kilicho karibu, kwa sababu hakujua kuzungumza bila kioo. Usiku wa onyesho lao la kwanza hawakuwa na mavazi. Yeye alilitoa sandukuni gauni la mama yake la kumetameta, akalikata. Sehemu ya chini akaifanya joho lake.

"Na ya juu?" fundi aliuliza, ingawa mgongo wake ulikuwa umekwisha jibu. Kifua kile cha gauni alikivaa yeye kama kizibao, kwenye picha ya jalada la santuri yao ya zamani.

"Uliniambia ni kitambaa cha dukani."

"Nawe ukaamini. Mimi? Kununua kitambaa?"

"Sasa miaka yote hii kwa nini usiende kumwambia kwa mdomo? Nyumba yake si ile pale, nyuma ya kituo cha mafuta?"

"Nilimwambia," Nyota alisema, kidogo ameudhika. "Kwa wimbo. Ukasikika kila redio. Wewe ndiye uliyenikatiza."

Hapo fundi alijikuta njia panda. Akiing'ang'ania haya yake, anamziba mtu mdomo mbele ya mama yake. Akiiachia, basi yeye ni fundi makochi tu. Mtu mwingine angeomba siku ya kufikiri. Yeye aliichukua pleya aliyokuja nayo pamoja na santuri, akaibana kwapani.

"Twende. Asikie mwenyewe, aamue. Atakachosema, hicho hicho."

"Leo?"

"Unasubiri watoe toleo jingine?"

Mama Nyota alikuwa mkongwe wa umri ambao watu huacha kuuhesabu kwa heshima. Macho yalikuwa yamepungua, masikio yalikuwa yote, na ulimi ulikuwa na akiba.

"Shikamoo mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Mmekuja na mzigo. Mnahamia?"

Wakamwekea santuri. Nyota aliketi kitini kama mtahiniwa. Fundi alisimama, akakaa ukingoni mwa meza, akasimama tena. Mama alisikiliza uso umeelekea dirishani. Ile sehemu ilipofika, neno likatoka wazi, samahani, halafu haya ikafuata. Aliinua kidole.

"Simamisha. Hapo umesema nini?"

"Samahani, mama. Nilikuwa nakuomba radhi. Kwa lile gauni. Tangu zamani, ila haikusikika."

"Aa. Na huyo aliyesema haya ni nani?"

"Ni mimi, mama," fundi alisema.

"Nani alikutuma?"

Fundi alitazama pleya, kisha rafiki yake. Msaada haukutoka upande wowote.

"Mwanangu ananiomba samahani," mama aliendelea taratibu, "na kabla sijafumbua mdomo, rafiki yake anajibu, haya, yamekwisha. Mmekoseana na kusameheana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nimewekwa hapa kama kabati."

"Mama, sikumaanisha..."

"Ile ya zamani ilikuwa utovu wa adabu, nikaizoea. Vijana ni vijana. Hii ni mbaya zaidi, hii mmenipokonya na jibu langu. Mrudisheni huyu kule alikokuwa."

Nyota alipiga magoti kando ya kiti. Kwa mtu aliyezoea majukwaa, alipiga vibaya, goti moja kwanza, kisha la pili kwa kushika meza. Hakukuwa na kioo mle ndani. "Mama, samahani," akasema, safari hii bila gitaa.

Mama alinyamaza muda ambao kwa fundi ulikuwa mateso. Neno lilimjia kooni, lile lile, tayari kabisa. Akakishika kidevu chake kwa mkono, akalimeza.

"Gauni langu liko wapi?" mama akauliza.

"Lilichakaa, mama. Kitambo."

"Nililishona kwa ajili ya harusi ya dada yako. Nikaenda na la kazini. Sikuwahi kulivaa hata mara moja." Akageuza uso kwa fundi. "Wewe ulilivaa. Lilikuwa linabana?"

"Kwapani kidogo, mama."

"Nilijua. Nilitaka kulilegeza hapo."

Basi fundi alishinda. Walimpigia binti wa sauti hata kabla hawajafika barabarani, na Nyota mwenyewe akasema haya irudishwe ilikokuwa. Santuri ingetoka na uasi wake kamili, magazeti yangeandika tena, mtaani wangemwita vile vile. Fundi alingoja ile raha ya mshindi ije. Haikuja. Alijaribu kuimba mstari ule kimoyomoyo, na kila alipofika kwenye haya alisikia kitu kinapumua chini yake.

"Twende wapi sasa?" Nyota aliuliza.

"Kwa muuza vitambaa. Kushona najua. Makochi nayo yana kiuno na mikono."

Muuza vitambaa aliwatandikia majora ya kumetameta mezani mpaka duka likawaka kama sherehe isiyo na wageni. Nyota alisema gauni lilikuwa kijani cha kasuku. Fundi alisema si kweli, cha chupa, yeye ndiye aliyekuwa nalo kifuani. Picha ya jalada ilikuwa nyeusi na nyeupe, haikumsaidia mtu. Walibishana hadi muuzaji akaacha kutabasamu na kuuliza kama wazee wanajua wanachokitaka.

Nyota akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. "Mama, lile gauni lilikuwa kijani gani?"

"Mnanunua?"

"Ndiyo, mama."

"Nani atashona?"

"Huyu wa makochi."

Fundi aliinamia simu, kidole chake tayari kiko juu ya jora moja.

"Leteni," mama alisema. "Nikiligusa nitajua kama ndilo." Akakata.

Wote wawili wakavitazama vitambaa. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, wakafumba macho na kuanza kupapasa.