Mabenchi Niliyoyaagiza Kwenye Mashua za Faiba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mfawidhi wa vyombo vya majini aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba kwetu Bukiriro tunalima migomba na maharage, maji tunayachota tu. Hakucheka. "Vizuri," alisema. "Anayeyaogopa maji hukagua kwa makini. Shika rula hii." Hivyo ndivyo nilivyoanza, na nasema bila haya kwamba kazi ile niliifanya vizuri kuliko wanaume wengi waliojua kupiga mbizi.

Nilianzia Ngara, kukagua mitumbwi ya kuvusha watu mtoni. Mtumbwi wa mbao hauna siri nyingi. Unagonga ubao, unasikiliza, unatazama kalafati, yaani pamba yenye mafuta iliyoshindiliwa kwenye maungio. Hata ukijaa maji, mbao huelea na mtu hupata pa kushika. Baadaye nikahamishiwa Biharamulo, kituo kilichohudumia pia vijiji vya ziwani, na huko nikakutana na mashua za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi.

Zilikuwa mbili, za tanga, zimejengwa Ulaya, zawadi kwa shule moja iliyotaka kufundisha wanafunzi kuendesha mashua kwa upepo. Chombo kilichojengwa nje kilikuwa na masharti yake. Kwanza kiwe na cheti cha mjenzi, kinachoeleza kimejengwaje na kinabeba watu wangapi. Kisha kikaguliwe na sisi hapa. Na kuna hili ambalo vijana hulisahau: chombo kikibadilishwa, cheti cha mjenzi hakina kazi tena. Faiba yenyewe ikijaa maji huzama. Kinachoifanya ielee ni vyumba vya hewa vilivyozibwa kabisa ubavuni.

Fomu ya mashua za mafunzo sikuwa nayo. Nilikuwa na ya abiria tu, na hiyo ilidai kila abiria awe na benchi lililofungwa imara. Lakini mwanafunzi wa tanga si abiria. Hukaa ukingoni na kuhama upande kila tanga linapogeuka, kwa sababu yeye ndiye mwendeshaji. Sikulifikiria hilo. Niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe, "Yawekwe mabenchi," nikajiona hodari.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa ukaguzi wa mwisho. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, wazazi wameshaalikwa. Mwalimu wa mashua alikuwa amewavalisha wanafunzi wake kumi na wawili jaketi za kuokolea, wanangoja. Mfawidhi wa Biharamulo alikuja na muhuri mfukoni. Mabenchi yalikuwa mazuri kweli, ya mninga, yamekazwa kwa boliti. Nikamuuliza fundi aliyeyafunga boliti zimeingia wapi.

"Humo ubavuni, mama," alisema. Alikuwa mkulima wa Bisibo mwenye mkono mzuri wa useremala. "Nimetoboa na drili. Kalatasi yako ilisema mabenchi."

Nikainama kutazama. Alikuwa ametoboa vyumba vya hewa.

Mfawidhi akanivuta kando. "Cheti cha mjenzi kipo. Tia saini, uzinduzi upite, watatengeneza baadaye."

"Naomba tuijaze mashua moja maji kwanza, mzee."

"Na ikizama? Tutaandika ni kosa la fundi?"

"Fundi amefanya nilichoandika. Kosa ni langu."

Tuliisukuma moja mpaka maji ya kifuani, haina mtu ndani, tukaijaza kwa ndoo. Ikainama upande mmoja, ikatulia kidogo, kisha ikaenda chini na mabenchi yake. Juu ya maji ukabaki mlingoti tu. Nilimwona mwalimu akiwahesabu wanafunzi wake kwa kidole, mmoja mmoja, ingawa wote walikuwa nchi kavu.

Niliandika ripoti na kuweka jina langu kwenye kosa. Nikapata barua ya onyo, shule ikakosa uzinduzi wake, na mwalimu hakunisemesha kwa miezi. Mabenchi yaling'olewa, vyumba vikazibwa upya, na tulipojaza maji tena mashua zikaelea. Fomu ya mashua za mafunzo niliiandika mimi, na sharti lake la kwanza ni kwamba mkaguzi asiagize kitu chochote kitobolewe kabla ya kumuuliza mjenzi.

Sasa nimestaafu, nipo Bukiriro na migomba yangu. Wakaguzi vijana wakinitembelea huniuliza nilifanyaje kazi miaka yote ile bila ajali. Nawaambia ukweli, kwamba ajali niliiagiza mwenyewe kwa maandishi, nikaiwahi kwa siku moja. Mmoja wa wale wanafunzi kumi na wawili ana duka la dawa Ngara mjini. Nikiingia huniambia, "Shikamoo, mama," nami huitika na kumshika mkono. Siuachii upesi, na yeye hauondoi.