Bwana Pasi Aliyefika Bungeni

Harufu ya makaa na kitambaa kilichonyunyiziwa maji ndiyo iliyonipokea kila jioni nilipotoka shule, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Mama alikuwa na meza yake Ngara, nyuma ya vibanda vya mitumba, akiwapigia wauzaji pasi mashati yaliyofika yamekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa ghafla. Pasi ilikuwa ya makaa, nzito, naye aliipepea kwa kipande cha katoni. Shuleni waliniita Mtoto wa Pasi. Nilikuwa na haya, ila nilitamani sana kupata jambo la kuwafunga midomo.

Nililipata kwenye sanduku la vitabu vikuukuu ambavyo shule ilipewa. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu achague mtu wa zamani, amsome, kisha asimame asimulie habari zake. Nikamwangukia Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa, mwenye ndevu kama ufagio, mwanasiasa na “ironmaster”. Kamusi yangu ndogo ilisema iron ni pasi, master ni bwana. Moyo ukaniruka. Kumbe mpiga pasi aliweza kufika bungeni! Kurasa zilizosalia, za msitu, nyumbu wa kubeba mizigo na moto usiozimwa, sikuzielewa vizuri, lakini makaa yalitajwa kila mahali, kwa hiyo sikushuku kitu.

Siku yangu ilipofika nilisimama mbele ya darasa. “Huyu alikuwa bingwa wa kupiga pasi, kama mama yangu, na watu wakamchagua.”

“Alikuwa anapigia Rais suruali ama?” akauliza Brayo, na darasa likaangua kicheko.

“Nyamazeni!” Mwalimu akachukua kitabu. “Hapa iron ni chuma, mwanangu. Huyu alikuwa na tanuri la kuyeyushia chuma.”

“Woiye, mama yake si mheshimiwa tena!” Brayo hakukoma.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kuna kitu kilikuwa kinaniwasha. “Mwalimu, sasa makaa tanurini alitia nani?”

Alifunua kurasa, akazirudia. “Kitabu hakisemi.”

Jioni nilimsimulia mama. Alicheka mpaka akaiweka pasi kando. “Huyo bwana aliwahi kuungua mkono?”

“Hawajaandika, mama.”

“Basi alikuwa na watu.”

Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Kwa bwana yule, naona wa juani walikuwa wengine.

Sasa niko kidato cha tatu, na mama amenunua pasi ya stima, isiyohitaji makaa. Juzi tulijaza fomu shuleni, penye kazi ya mzazi. Zamani ningeandika “biashara”, neno linalofunika kila kitu. Nikaandika: anapiga pasi, Ngara. Jirani yangu wa dawati, anayetoka Karen, mtaa wa matajiri, akachungulia. Nikamwambia mama alianza na pasi ya makaa.

“Kwani pasi ya makaa mnajuaje imeshika moto?”

Nikamweleza mpaka kengele ikalia.