Mwalimu Aliyetoka Uchina

Jamani, somo la Kiingereza la leo limeniacha na wasiwasi.

Mnamjua yule Mwingereza mpya hapa chuoni kwetu. Kabla ya kuja Tabora alifundisha vijana wa chuo huko Uchina, na amekuja na njia yake mpya.

Hakuna kitabu. Hakuna kukariri.

Unasimama mbele, unasimulia kwa Kiingereza yaliyozungumzwa nyumbani kwenu Jumapili.

Tulifurahi! Nani anapenda kukariri?

Wiki jana mwenzetu wa Bukene alisimulia habari za ng'ombe wa mjomba wake. Alisahihishwa kila neno mpaka akatoka jasho.

Leo ikawa zamu ya Jumanne, mtoto wa fundi cherehani wa Kanyenye. Akasimulia habari za wazee waliokutana kwa baba yake kuzungumzia chama cha kudai uhuru, na mmoja wao akakaa mlangoni kuangalia wapita njia.

Kiingereza chenyewe kibovu, lakini mwalimu hakusahihisha kitu.

Alisogeza kiti karibu.

"Nani alizungumza sana?"

Jumanne akamtaja!

"Na yule wa mlangoni?"

"Simjui jina, mwalimu."

Mimi nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wale wanafunzi wako wa Uchina wako wapi sasa?"

Akageuka, akafuta ubao.

Ubao haukuwa na kitu, jamani.

Sasa Jumanne anatamba bwenini kwamba leo hakukosea hata neno moja.

Kesho ni zamu yangu. Nipeni uongo mzuri wa kusimulia, tafadhali, na mnipe mapema.

Yule wa mlangoni ni baba yangu.